Herufi ya Kwanza

Ungo niliuvunja nina miaka kumi na mitatu,
hakuna aliyeniuliza.
Sauti nimeivunja mwenyewe, nina thelathini na mmoja,
kwenye kibanda changu cha cherehani, Kibuye,
katikati ya neno "bobini".
Mteja alicheka. Nikacheka pia,
kikatoka kicheko cha kifuani, kizito,
nikakipenda.

Nekesa aliniletea cherehani ya marehemu mama yake,
inaruka mishono.
Kazi ya saa moja. Niliifanya siku tano.
Kila jioni akipita namwambia bado kuna kitu,
na sikuwa nadanganya.

Kiswahili kimenisitiri, sikinyimi shukrani.
Akinisimulia kwa rafiki yake husema yeye,
husema alikuja, alicheka, ana mikono myepesi,
na hakuna kiambishi kinachonishika kola kuniuliza.
Lakini lugha hii hii ina mtego wake.
Rafiki yake akamwuliza, "Atakuoa?"
Usiku kucha nikakilalia kitenzi hicho
kama mtu aliyelalia kijiko,
mimi ambaye shangazi zangu kule Ahero
walikwisha kuhesabu ng'ombe watakaoingia nikiolewa,
na leo wanazitazama hizi ndevu zangu kumi na mbili
kama watu walioibiwa zizi.

Jumamosi tukaenda Kondele,
kuku wa kienyeji, ugali wa mtama.
Kifua nimekibana kwa kitambaa nilichokishona mwenyewe,
nakula kwa nusu pumzi.
"Una pumu?" akauliza.
Nikasema ndiyo.

Siku zote hubeba noti.
Noti haisomi jina la mtu.
Ila siku hiyo aliongeza soda, akaongeza maini,
nikapungukiwa mia mbili.
"Tuma kwa simu," akasema mhudumu,
nikatuma, huku vidole vinajua kabla yangu.
Mvua ya mawe ilikuwa imeanza kwenye bati.
Nikaiomba iongeze sauti.
Haikuongeza.
"Imeingia!" Akainua simu ya kaunta, akasoma kama anayeita wagonjwa:
"Perpetua Akeyo. Nani Perpetua?"

Meza ya jirani waligeuka, wakarudi kwa mchuzi wao.
Nekesa hakugeuka popote.
"Ni mimi," nikasema,
na sauti, hiyo niliyoilipia kwa sindano na kwa njaa,
ikapanda ghafla hadi kule ilikotoka.

Alikitafuna kifupa chake hadi mwisho.
Sijawahi kuona kifupa kirefu vile.
Kisha: "Akeyo maana yake nini?"
"Mavuno. Mtoto wa kike aliyezaliwa watu wakivuna.
Wa kiume huwa Okeyo."
"Kwetu Kimilili ndiyo mimi. Nekesa.
Ningekuwa mvulana ningeitwa Wekesa."
Akachovya kidole kwenye soda iliyomwagika,
akaandika O juu ya meza, akaandika W kando yake,
akazitazama zikikauka.
"Herufi moja tu," akasema.
Nikadhani anacheka. Hakuwa anacheka.
"Ungeniambia kabla ya maini."

Tulisimama mlangoni tukingoja barafu iyeyuke.
Akasema, "Usinidai jibu. Sijui ninachokijua."
Nikasema sidai.
Akasema, "Na hiyo pumu yako,
ifungue kidogo ukifika nyumbani."
Alikuwa keshavuka barabara, viatu mkononi,
alipogeuka na kupaza sauti:
"Cherehani usiirudishe bado! Bado inaruka!"

Ilikuwa imenyooka tangu Jumanne.
Alikuwa ameijaribu mwenyewe.

Usiku, Nyalenda, nimeufungua mkanda,
mbavu zinakumbuka kazi yao moja moja.
Nimeitia cherehani mafuta ambayo haiyahitaji,
nimechukua vipande viwili vya kitenge, mabaki ya wateja,
ninashona polepole, uso karibu na sindano,
nikiutafuta mshono ulioruka.